Ndoa ya Ngapi

Walikuja Alhamisi, saa kumi kasoro robo,
theluji ingali mabegani, haijakata shauri kuyeyuka:
Adélard Ouellette, mkulima wa viazi,
na Jeannine Pinette, aliyenifundisha kusoma saa.

Nikadhani ni mbwa.
Mji wetu, huku juu kabisa Maine, una dirisha moja tu.
Hapa hulipiwa mbwa, hapa huombwa ruhusa ya kuwinda,
hapa huandikwa waliozaliwa na waliotutoka.
"Mbwa wako nimeshamwandika, Adélard," nikasema.
Akavua kofia.
"Leo si mbwa."

Basi nikatoa fomu ile nyingine,
nikawaeleza kama ninavyowaeleza vijana:
hiki si cheti, hiki ni kibali.
Cheti huja baadaye, mkishafungishwa ndoa
na mwenye mamlaka, mbele ya mashahidi wawili wasiosinzia.
Kibali kina siku tisini. Zikipita
mtarudi hapa na dola arobaini nyingine,
nami nitazipokea bila haya.

Wino mweusi. Jina kamili,
lile la leseni ya udereva, si lile la jikoni.
Ukoo wa mama kabla hajaolewa.
Jeannine aliuandika bila kusita.
Adélard ulimpotea. Akafumba macho,
akaufuata mpaka zizini kwa babu yake,
akarudi nao: Daigle.

Kisha: ndoa ya ngapi?

"Ya pili," akasema, akaweka mezani
nakala ya cheti cha kifo, imekunjwa mara nne.
Nikaipapasa kwa kidole gumba.
Laini kama gazeti. Haina mhuri wa kubonyea.
Sheria haitaki kivuli cha karatasi,
inataka ile iliyotoka mkononi mwa karani,
na karani ni mimi.

Nikaingia chumba cha nyuma, nikavuta droo.
Florine Ouellette. Februari, miaka kumi na minne nyuma.
Mwandiko wangu. Kwenye ile F wino umevuja;
nakumbuka, kipasha joto kilikuwa kimeharibika,
vidole vimekufa ganzi.
Siku ile alisimama palepale, kofia mkononi,
akaniuliza atahitaji nakala ngapi.
Nikamwambia tano, watu wa benki hawashibi.
Leo nikampigia mhuri ya sita.
Dola kumi na tano. Sikuwa na ruhusa ya kumsamehe,
naye hakuomba.

"Na wewe, Jeannine? Ya ngapi?"
Swali la kipuuzi, mji mzima unajua,
lakini fomu haiishi mjini.
Ilibidi atamke.

"Ya kwanza,"
kwa sauti ileile ya ubaoni,
miaka sitini na tisa, glavu moja imevaliwa, moja imevuliwa.
Adélard akageuka akamtazama
kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu
alichokuwa akitembea nacho mfukoni.
Nikaandika tarakimu: moja.
Kawia ufike.

Wakainua mikono ya kulia, wakaapa
kwamba yote waliyoandika ni kweli.
Wa Adélard una udongo kwenye mistari,
udongo usiotoka hata Januari.
Kalamu yangu nimeifunga kamba fupi, isiibwe,
kwa hiyo kutia sahihi huwalazimu wawili kusogeleana,
bega kwa bega, hata waliogombana garini.
Miaka kumi na tisa niko hapa.
Kamba ile sijairefusha.

Wakatoka. Nikazima taa ya mbele,
nikafunga kisanduku cha pesa,
mara mlango ukagongwa.
Adélard, peke yake, anahema.
Nikasema moyoni: ndiyo hayo, ameogopa.

"Mbwa wa Jeannine," akasema.
"Atahamia kwangu. Anwani yake
inabadilishwa leo, au baada ya harusi?"

Nikawasha taa.
Nikamtafutia fomu.